Mvua ikipiga, mbolea inaenda wapi?
Jamani hizi programu za kompyuta za kukadiria mbolea inayopotea shambani nazipenda sana, kama SWAT iliyotoka kwa watafiti wa kilimo Marekani, unaipa mvua, aina ya udongo, mteremko, tarehe uliyoweka mbolea, yenyewe inapiga hesabu siku kwa siku. Juzi nilisogeza tu tarehe ya yurea iwe baada ya ile mvua kubwa, naitreti inayozama chini na maji (ndiyo naitrojeni ya yurea ikishageuka udongoni) ikashuka kabisa! Hesabu ya fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, wala haikubadilika, maana yenyewe inang'ang'ania chembe za udongo na kuondoka nazo, hapo lazima uzuie mmomonyoko. Ila data ya udongo usikisie aisee, kapime, ukiweka namba za kubuni grafu itatoka nzuri tu huku mbolea yako inaishia mtoni.