Niliinua pikapu, breki zikalegea

Nilipomaliza kufunga springi na shokapu mpya jioni ile, pikapu ilikuwa imesimama juu kama ngamia aliyetoka kuamka. Nyuma ilipanda inchi 3, mbele inchi mbili na nusu, na tairi za inchi 29 zilikuwa zimezipisha za inchi 32. Niliizunguka mara mbili nikiitazama tu. Kisha nikawasha, nikatoka taratibu, nikakanyaga breki kwenye kona ya kwanza, na mguu ukazama hadi karibu na sakafu.

Gari lilisimama, lakini pua iliinama vibaya na nafasi iliyochukua haikuwa ile niliyoizoea. Nikarudi kwa gia ya kwanza, mkono mmoja juu ya hendibreki.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nililijua kabla sijafungua boneti. Wakati wa kushusha ekseli ya nyuma ili springi ziingie, mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli ulianza kukaza. Badala ya kulegeza kishikio chake nikafungua nati ya paipu yenyewe, mafuta yakadondoka kwenye beseni, nami nikaendelea na springi zangu. Nilipokuja kutazama chupa ya mafuta ya breki, ilikuwa imeshuka chini ya alama ya mwisho. Nikafunga, nikatoa hewa iliyoingia kwenye paipu za breki za magurudumu ya nyuma harakaharaka huku giza likiingia, nikajiambia inatosha.

Asubuhi nikaanza na vipimo visivyohitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, nilipampu pedali: kila nikikanyaga inapanda na kuwa ngumu, nikiiacha kidogo na kukanyaga tena inazama kama mwanzo. Hiyo ni tabia ya hewa kwenye mafuta, kwa sababu hewa hubanika na mafuta hayabaniki. Viatu vya breki za nyuma vikikaa mbali na drami, yaani bakuli la chuma vinalolisugua, huleta hali hiyohiyo, nikaliweka hilo akilini. Kisha nikaipampu hadi ikawa ngumu, nikaishikilia dakika nzima. Haikushuka, maana yake hapakuwa na mvujo mkubwa na sili za masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki, zilikuwa zinashika. Mwisho, mguu ukiwa bado juu ya pedali, nikawasha injini, ikashuka kidogo. Buusta nayo, inayoongezea mguu nguvu injini ikiwaka, ni nzima. Vipimo hivyo vilichukua dakika tano, na viliniokoa na masta silinda mpya ambayo jirani alikuwa ameshaanza kunishawishi ninunue.

Nikatoa hewa upya, safari hii kwa utaratibu: gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda kwanza, nikisogea hadi lililo karibu zaidi. Mwenzangu anakanyaga na kushikilia, mimi nafungua nati ya kutolea hewa, naifunga, ndipo yeye anaachia. Akiachia kabla sijafunga, hewa inarudi ndani. Ilitutokea mara mbili tukagombana kidogo. Chupa tuliijaza kila baada ya mikanyago michache, kwa mafuta ya breki aina ya DOT 3 kutoka kopo lililofunguliwa siku ileile, maana mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani na kopo lililokaa wazi kabatini ni la kutupa. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji hapohapo, la sivyo rangi itababuka.

Pedali ikapanda, ila haikukaza. Nikatoa hewa mara ya tatu. Mara ya nne. Magurudumu yote yalitoa mafuta safi yasiyo na povu hata moja, na bado kulikuwa na ule ulaini chini ya mguu, kama kukanyaga godoro jembamba. Fundi niliyempigia simu alinijibu bila kusita: "Kaka, hiyo ni hewa tu, endelea kuitoa." Alikuwa sahihi, ila hakuwa amesema hewa yenyewe imejificha wapi.

Kilichonisumbua zaidi ni ile pua. Hata pedali ilipokuwa na nafuu, gari liliendelea kuinama mbele kama linasujudu. Nikalipeleka kwenye kiwanja kitupu cha changarawe. Pikapu hii ni ya zamani, haina ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga, yaani kuacha kuzunguka breki zikikanyagwa, na siku hiyo uzee wake ulinifaa: kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa nilikanyaga kwa nguvu zote, kisha nikashuka kusoma michirizi. Tairi za mbele zilikuwa zimechora mistari miwili mirefu. Za nyuma hazikuchora chochote, zilikuwa zimeviringika tu hadi mwisho. Nilipopitisha kiganja karibu na magurudumu bila kugusa, joto la diski za mbele lilinirudisha nyuma, na drami za nyuma zilikuwa kama hazikuhusika kabisa.

Mbele kufanya kazi kubwa ni kawaida, kwa kuwa gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, na ukiliinua uzito unaohama unaongezeka. Tairi kubwa nazo zina gharama yake: breki ni zileile lakini zinapambana na gurudumu kubwa zaidi, na kutoka inchi 29 kwenda 32 nguvu inayofika barabarani hupungua kwa takriban asilimia 9. Kwa hiyo nilitegemea kukanyaga kwa nguvu zaidi kidogo. Sikutegemea nyuma ilale usingizi.

Nikaingia uvunguni na tochi, nikafuata paipu ya breki ya nyuma kwa kidole kutoka mbele. Kabla haijafika kwenye ekseli inapita kwenye kidubwasha cha chuma kilichofungwa kwenye chasisi, chenye mkono mrefu ulioshikana na ekseli. Nilikuwa nimekiona mara mia na sikuwahi kujiuliza ni cha nini. Hiyo ni vali ya mzigo. Ukipakia, chasisi hushuka karibu na ekseli, mkono unapanda, na vali inaruhusu msukumo zaidi wa mafuta uende nyuma. Ukishusha mzigo, chasisi inapanda, mkono unashuka, na vali inabana ili magurudumu ya nyuma yasiyo na uzito yasifunge na kulitupa gari upande.

Sasa mimi nilikuwa nimeitenga chasisi na ekseli kwa inchi 3. Mkono ulikuwa umening'inia chini kuliko ulivyopata kuwa hata siku ambayo pikapu haikubeba chochote. Vali ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu wote: ilipimiwa urefu, ikaamini gari ni tupu kupita utupu, ikaminya breki za nyuma. Nilicheka peke yangu pale chini.

Na juu ya vali hiyohiyo, chini ya tope lililokauka, kulikuwa na nati ndogo ya kutolea hewa. Ya tano. Mara nne zote nilikuwa nimeshughulikia magurudumu tu na kumuacha huyu wa tano na hewa yake.

Wapo walionishauri niing'oe vali nipitishe paipu moja kwa moja, au niufunge mkono juu kwa waya ubaki hapo. Nilikataa yote mawili. Mkono ukifungwa juu, gari litadhani lina shehena siku zote, na siku ya mvua, likiwa tupu, nyuma ndiyo itafunga kwanza. Afadhali gari linaloinama pua kuliko linalogeuka na kutazama lilikotoka. Nilichofanya ni kuinua pale mkono unaposhikana na ekseli: nikachongewa kipande cha chuma cha milimita 75, karibu sawa na zile inchi 3, nikakifunga kati ya kishikio na ekseli. Mkono ukarudi kwenye pembe yake ya zamani. Niliijuaje pembe ya zamani? Kwa bahati tu, alama ya tope na kutu kwenye kiungo ilikuwa bado inaonyesha ulipokuwa unakaa. Ukiwa bado hujainua gari lako, pima na uandike kabla ya kugusa nati yoyote.

Nikatoa hewa kwenye ile nati ya tano. Zilitoka povu mbili tatu nene, kisha mafuta safi, na pedali ikakaza juu kama zamani.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshachafuka, nikaitazama mipira yote. Huu ukaguzi ningeufanya kwanza kama ningekuwa na akili siku ile. Usiutazame mpira gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa sababu hapo kila kitu kinaonekana sawa. Weka chasisi juu ya stendi imara, acha magurudumu yaning'inie, kisha zungusha usukani hadi mwisho kila upande. Mpira wa mbele kushoto, usukani ukiwa umekata kulia, ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Shimo moja baya barabarani lingeweza kuukata. Nikafunga mirefu zaidi pande zote mbili, na washa za shaba mpya kila kiungo, kwa sababu za zamani zimeshabonyea na huvuja. Waya wa hendibreki nao ulikuwa umevutika hadi unaanza kuvuta viatu vya nyuma ekseli ikining'inia, nikaulegeza, kisha nikarekebisha viatu hadi vikawa vinagusa drami kidogo sana gurudumu likizungushwa kwa mkono. Hilo peke yake lilipunguza safari ya pedali kwa kiasi cha kidole.

Nilirudi kwenye changarawe. Mbele bado ndiyo inayofunga kwanza, na ndivyo inavyotakiwa, lakini safari hii nyuma ya kila mstari wa mbele kulikuwa na mchubuko mwepesi wa tairi ya nyuma. Pua inainama zaidi kidogo kuliko enzi za tairi ndogo, na naikanyaga pedali kwa nguvu zaidi kidogo. Hiyo nimeikubali.

Wiki mbili baadaye nilipakia mifuko ya mchanga nyuma, mmoja mmoja, nikaingia uvunguni kutazama. Kila mfuko ulipotua, ule mkono ulipanda kidogo.