Jumamosi ya bamvu Tongoni: siku yangu tangu alfajiri mpaka maji kujaa

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta nimeshaamka. Kabla hata ya kupiga mswaki natoka uani kuangalia ndoo. Mbegu za mkoko tulizookota Alhamisi zimelala humo chini ya gunia bichi zisikauke.

Nachambua moja moja kwa tochi ya simu. Mkoko una maajabu yake: mbegu huota ikiwa bado juu ya mti. Inaning'inia kama rungu jembamba la kijani, na ikikomaa shingo yake hufanya pete ya manjano. Isiyo na pete bado changa. Yenye kitundu kama cha sindano imeshaingiliwa na mdudu, hiyo haina maisha. Leo nimetupa 31, na kila moja imeniuma, kwa sababu kuziokota ni kuinama topeni mpaka kiuno kikatae.

Niseme nilipo. Hapa ni Tongoni, kusini ya Tanga mjini, njia ya kwenda Pangani, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Riziki yangu ni cherehani. Ila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo nchi nzima ni siku ya usafi, cherehani naifunika kitambaa. Siku hiyo mimi ni katibu wa kikundi chetu cha mazingira, na mwezi huu imeangukia kwenye bamvu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Bahati hiyo haiji kila mwezi.

Saa 12 na nusu naanza kupiga hodi. Hii kwangu ndiyo saa ngumu kuliko zote. Tangazo la msikitini lilitolewa jana na ujumbe umeshazunguka kwenye simu, lakini mtu wa huku hatoki kwa tangazo, anatoka kwa kufuatwa mlangoni. Isitoshe, bamvu ni mali. Siku hizi mbili tatu ndizo maji yanakupwa mbali kabisa na mwamba wa pweza unakuwa wazi. Ukimwomba mwanamke bamvu moja, umemwomba kitoweo cha nyumba yake.

Jirani yangu wa tatu hakunizungusha. "Katibu, bamvu hili nikikupa wewe, watoto watakula nini jioni?"

"Saa tatu na nusu nakuachia, dada yangu. Mwamba utakuwa haujachomoza."

Akanyamaza, akahesabu kichwani, akaenda kuchukua kanga ya kujifunga kiunoni. Hesabu yenyewe ni rahisi kwa aliyekulia pwani. Tope la mikoko liko juu, maji huliacha mapema, saa mbili unakanyaga. Mwamba uko chini, unasubiri mpaka saa nne na kitu. Katikati hapo kuna nafasi ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kupanda mikoko. Miezi mingi tuliita watu saa nne, wakawa wanakuja wazee na watoto tu, nasi tukalalamika kwamba kina mama hawajali mazingira. Tulikuwa tunawaonea.

Nyumba nyingine hazikuniuliza lolote. Kuna moja ambayo nilishinda nao jikoni siku tatu walipofiwa. Hata shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, vijana wawili wameshabeba ndoo.

Saa mbili tumefika 40 na ushee. Chai ya tangawizi, maandazi na mbaazi za nazi zimechangwa nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti wa mtaa anasema maneno machache, namshukuru kwa uchache wake, kwa sababu maji hayamsubiri mtu.

Sasa Bibi anatangulia. Ana fimbo yake ya mchu, anaichoma topeni, anatazama ilivyozama, anaichomoa, anainusa. Ndiyo, anainusa. Anapiga hatua tano, anachoma tena.

"Hapa mkoko. Tope linakula fimbo, na maji yanapita kila siku." Anageuka upande wa nchi kavu. "Kule juu muachie mkandaa na mchu." Halafu ananyoosha fimbo mbele, kwenye mchanga unaotazama bahari. "Na pale msiguse. Pale pa mlilana."

Yote hiyo ni miti ya jamii ya mikoko, kila mmoja na mahali pake. Hakuna anayebisha leo. Mwaka juzi tulibisha. Walikuja wageni wa taasisi moja na fulana mpya za kugawa, wakapapenda pale mbele kwa kuwa panaonekana vizuri kwenye picha. Bibi alisema vilevile, mkoko hauwezi mchanga wa wazi, wa kusimama mbele ya mawimbi ni mlilana, na mlilana una mbegu ndogo ndogo, huukuzi kwa kuuchomeka. Akaambiwa atulie. Tulipanda siku nzima, watu tukapiga makofi. Kusi ilipoanza kuvuma, ndani ya wiki tatu pamebaki mchanga mtupu, kama hatujawahi kufika. Sijali sana mbegu. Kilichonikaa rohoni ni kwamba watu walirudi nyumbani wakiamini mikoko haipandiki, na ilinichukua mwaka mzima kuwarudisha.

Kupanda kwenyewe hakuna siri. Unashika mbegu wima, ncha chini, shingo juu, unaizamisha theluthi yake, unabana tope kwa vidole viwili. Hatua moja kubwa, nyingine. Usiisukume kwa nguvu, itachubuka. Mtoto mmoja wa darasa la tatu ameniita: "Shangazi, njoo uone!" Kaa mwekundu ameishika mbegu iliyolala na anaivuta kwenye shimo lake taratibu, kama mtu anayeingiza godoro mlangoni. Ndiyo maana haziachwi zimelazwa. Tumemtazama mpaka akazama nayo. Naye ni mwenyeji.

Mzee mmoja mvuvi, mjomba wangu kwa upande wa mama, ameniambia huku anapanda, "Mnapanda mchana, wenzenu wanakata usiku." Ni kweli. Mikoko ni hifadhi ya serikali, kuikata bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, ni kosa, na boriti zinaendelea kutoka. Nikamuuliza kama atakubali zamu moja ya doria kwa wiki. Hakujibu. Baadaye alipita akaniambia Jumanne.

Saa tatu na nusu napuliza filimbi, ingawa mistari miwili haijaisha. Ahadi ni ahadi. Kina mama wananawa miguu kwenye dimbwi, wanachukua vyuma vyao na vikapu, wanateremka kuyafuata maji. Waliobaki tunageukia taka: chupa za maji, kandambili za mguu mmoja, vipande vya nyavu vilivyosokotana na mizizi hadi vinahitaji kisu. Mifuko ya rambo tangu marufuku ya Juni 2019 siioni kama zamani. Chupa tunazitenga, kuna kijana huzinunua kwa kilo, na fedha hiyo ndiyo inayonunua chai ya mwezi ujao.

Mchana sina la kusimulia. Nimeoga, nimeswali, nimeandika daftari: mbegu 372, majina ya waliokuja, nyumba ambazo sikuzifikia na natakiwa kuzipitia kabla ya mwezi mpya. Nimelala kidogo. Saa nane jirani wa bamvu amebisha hodi na mguu wa pweza umefungwa kwenye jani la mgomba.

"Nimepata wawili," akasema. "Huo wa kwako."

Saa 10 na nusu jioni narudi pwani, kwa kuwa maji yakijaa ndipo utajua nani hakubana tope. Bahari imeshafika. Mistari yote imefunikwa, zinaonekana ncha tu, nyingine hazionekani kabisa. Bibi ameshafika kabla yangu, amekaa kwenye shina, miguu majini. Mbegu saba zimeelea na kusogea mpaka miguuni pake. Ameziokota na kuzipanga mapajani.

Nimepandisha doti yangu, nikamnyooshea mkono anipe. Akanipa tatu, nne akabaki nazo.

"Tusubiri yapungue kidogo," akasema. "Ile ya yule mtoto bado imesimama. Nimeihesabu."