Koti la twidi: anza na mfuko wa ndani

Koti langu la kwanza la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, nililinunua kwa sababu ya viraka vya ngozi kwenye viwiko, basi, hakuna sababu nyingine. Niliona viraka nikajisemea hili la zamani hili, nikatoa pauni 35 kwenye duka moja la hisani, yale ya mitumba, huko Yorkshire nikatoka nimevimba kama nimerithi shamba na farasi wake. Nafika nyumbani nageuza bitana nakuta kilebo cha kufulia kimeandikwa poliesta, yaani koti la juzi tu, viraka vimeshonewa kiwandani likiwa jipyaaa. Wakati kiraka asili yake ni cha kuokoa kiwiko kilichokwisha, sio urembo.

Tangu siku hiyo nje siangalii kwanza. Nikishika koti mkono unaenda moja kwa moja mfuko wa ndani, kwasababu mafundi wa kushona kwa kipimo, kama wale wa mtaa wa Savile Row pale London, walikuwa na tabia ya kushonea humo lebo yenye jina la mteja na tarehe, vimeandikwa kwa mkono, so ukibahatika koti linakutajia umri wake lenyewe. Kama hamna, soma anwani ya fundi. Ina postikodi kamili? Uingereza ilianza kuzigawa 1959 ikamaliza nchi nzima 1974, kwahiyo muuzaji akikwambia la miaka ya 40 na postikodi ipo, mrudishie tabasamu uondoke. Ile alama ya Woolmark nayo, ya sufu halisi, inayofanana na fundo la uzi, ilianza 1964. Ukikutana na CC41, zile C mbili zilizokatwa kama vipande vya jibini, shika kwa mikono miwili, hiyo ni nguo ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia au miaka michache baada yake, serikali ilianza kuweka alama hiyo 1941 na mpango ukafa 1952. Nguo zilikuwa kwa kuponi na kitambaa kimebanwa mpaka mifuko na marinda vikapunguzwa.

Kitu kingine kinachonichosha, mtu anaona alama ya tufe lenye msalaba juu anaita twidi ya Kiingereza. Hapana bwana. Hiyo ni Harris Tweed, ya visiwa vya Outer Hebrides kule Scotland, na toka 1993 kuna sheria ya Bunge kabisa kwamba lazima ifumwe hukohuko visiwani, nyumbani kwa mfumaji. Koti linaweza kuwa limeshonwa England sawa, ila kitambaa ni cha Waskoti na ukikosea mbele yao utajua hujui. England yenyewe twidi yake nyingi ni ya viwanda vya Yorkshire, kuna Abraham Moon wa Guiseley wapo toka 1837.

Halafu mshono. Hapa ndo napapenda. Koti la kupandia farasi mifuko yake imekaa mshazari na nyuma lina mpasuo mmoja mrefu, ili ukiwa umekaa juu ya tandiko pindo lianguke huku na huku. Koti la Norfolk, la kuwindia, lina mkanda wa kitambaa kilekile na marinda makubwa, mabega yaachie unapoinua bunduki. Mengine yana mfuko wa jangili, ule mkubwa uliofichwa ndani ya bitana, sungura mzima anaingia. Wangu unabeba mwavuli na mkate.

Kuvaa sasa. Usiamini namba ya lebo, makoti ya zamani yanabana kwapani na vitambaa vyake ni vizito kweli, lilaze chini upime kwapa mpaka kwapa uzidishe mara mbili, ulinganishe na koti linalokukaa vizuri. Mabega yakikataa liache. Mikono fundi anarekebisha, mabega ni kulivunja koti zima. Kifungo cha chini usifunge. Na tafadhali usivae vyote kwa pamoja, koti, kizibao, suruali ya twidi, kofia na soksi ndefu, utaonekana umetoka kwenye mchezo wa kuigiza, mi navaa na jinzi ya bluu iliyokoza au kodrai na sweta jembamba, imeisha.

Kwenye mashine usiliweke, sufu ikipata maji moto na msukosuko inagandana na kusinyaa, utampa mtoto. Brashi, upepo, basi. Adui ni nondo, au tuseme wale viwavi wake maana ndo wanaokula sufu, dawa yangu ni kufunga koti kwenye mfuko wa plastiki na kulitia friza wiki mbili. Ninayeishi naye alifungua juzi akitafuta njegere akakutana na mkono wa koti, tangu siku hiyo njegere nazichukua mimi.