Nilivyolinganisha lishe ya steki na sehemu nyingine za nyama ya ng'ombe kwa ajili ya chungu kimoja

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tunapika chungu kimoja, na wanaokila hawana mahitaji sawa. Mama yangu mzazi ameshauriwa kliniki apunguze mafuta ya wanyama kwa sababu lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu yake imepanda, wakati binti yangu, aliyepimwa na kukutwa na upungufu wa damu, ameambiwa aongeze vyakula vyenye madini ya chuma, nyama ikiwamo. Ushauri wote ulikuwa wa maana, lakini nilipofika nao buchani uligeuka swali moja lisilojibiwa na mtu yeyote kwa uhakika: ninunue nyama ya sehemu gani? Majirani walisema sarara, ile nyama laini ya ndani ya mgongo, kwa hoja kwamba ndiyo ghali kuliko zote, na kitu hakiwi ghali bure. Niliamua kulinganisha kwa takwimu kabla ya kulipa.

Msingi wangu ulikuwa jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa mchanganuo wa kila sehemu ya ng'ombe nilitumia hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ina mstari wake kwa karibu kila kipande kinachoweza kukatwa. Ilibidi nikumbuke, hata hivyo, kwamba ng'ombe wa Marekani hunenepeshwa kwa nafaka hadi mafuta yakajipenyeza ndani ya misuli, ilhali zebu wetu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, wengi hulishwa malishoni na nyama yao kwa kawaida huwa na mafuta machache zaidi. Kwa sababu hiyo sikuzichukua namba zile kama kipimo kamili cha nyama iliyo mbele yangu. Nilizitumia kujua ipi inatangulia na ipi inafuata.

Jambo la kwanza nililojifunza kulishughulikia ni usawa wa msingi wa kulinganisha. Nyama ikipikwa hupoteza maji, na kilo moja ya nyama isiyo na mfupa niliyoipima kwenye mizani ya jikoni ilitoka ikiwa na gramu 700 hivi. Protini haikuongezeka kwa kupikwa, bali imebanwa katika uzito mdogo, ndiyo maana gramu 100 za nyama mbichi isiyo na mafuta huonyesha gramu 22 au 23 za protini na gramu 100 za nyama ileile iliyopikwa huonyesha 28 au 29. Mtu akisoma mstari wa paja lililochomwa kando ya mstari wa sarara mbichi ataona tofauti ambayo haipo. Mimi nilishikamana na nyama mbichi kwa vile ndiyo ninayoipima buchani, na pia nilitazama kama mstari unahusu nyama iliyoondolewa mafuta ya nje au la.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko nilivyotarajia. Sarara mbichi iliyosafishwa mafuta yote ya nje ina takriban gramu 22 za protini na gramu 7 za mafuta kwa kila gramu 100. Sarara hiyohiyo ikiachwa na utando mwembamba wa mafuta hufikia gramu 18 hivi za mafuta. Kisu, kwa maneno mengine, kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko kubadilisha sehemu ya mnyama. Nyama ya paja, hasa ule msuli wa mviringo ulio nyuma, ina protini kama gramu 23 na mafuta gramu 3 au 4 tu ikiwa imesafishwa. Steki ya kiunoni yenye mafuta kidogo pembeni ina protini gramu 20 na mafuta 13 hivi. Ile ya mgongoni juu ya mbavu, ambayo hoteli huipenda kwa sababu hailazimishi mpishi kufanya ufundi, ina protini gramu 17 hadi 19 na mafuta yanayofikia 20 au zaidi, na mengi yamo katikati ya nyama, mahali ambapo kisu hakifiki.

Ili namba hizi zinisaidie nilizigeuza kuwa nishati. Gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4 na gramu moja ya mafuta hutoa 9, kwa hiyo kipande cha paja chenye protini 23 na mafuta 4 kina kilokalori 128, ambazo 36 tu zinatokana na mafuta. Kipande cha mgongoni chenye protini 18 na mafuta 20 kina kilokalori 252, na 180 kati ya hizo ni mafuta. Protini inatofautiana kwa gramu 5 tu, wakati mafuta yamezidi mara tano. Na kwa kuwa karibu nusu ya mafuta ya ng'ombe ni ya ile aina inayoganda na kupandisha lehemu mbaya, kwa mama yangu hapo ndipo uamuzi ulipofanyika. Kiasi cha lehemu kilichomo ndani ya nyama yenyewe hakikunisaidia kuchagua, maana hata nyama isiyo na mafuta ina miligramu 60 au 70 kwa gramu 100, na sehemu zenye mafuta hazipishani nayo sana.

Upande wa binti yangu ulinishangaza kwa namna nyingine. Madini ya chuma katika misuli ya ng'ombe hukaa kati ya miligramu 1.5 na 2.5 hivi kwa gramu 100, na hayafuati bei hata kidogo. Zinki hutofautiana zaidi, na hapo zinazoongoza ni sehemu za bei ya chini kama muundi (nyama ya mguu wa chini) na bega, huku vitamini B12 ikipatikana ya kutosha karibu kila mahali. Sarara, basi, ni ghali kwa sababu ni msuli usiofanya kazi nzito, hivyo ni laini, tena ni mdogo kwa kila ng'ombe. Anayeinunua analipia ulaini, na sina ugomvi naye, mradi asiseme ameinunua kwa ajili ya damu.

Muundi ndio ulionivutia. Ukiondolewa mfupa na mafuta una protini karibu gramu 22 na mafuta yasiyozidi 4, yaani unakaa bega kwa bega na paja na kuipita sarara. Nilipouomba buchani kwa mara ya kwanza, muuzaji alinitazama kwa huruma: "Dada, muundi ni wa supu, chukua steki." Kwa kuwa buchani kwetu steki ni nyama yoyote isiyo na mfupa, nilimuuliza imetoka wapi, akaonyesha mchanganyiko wa shingo na kidari. Nikamwambia, "Nipe muundi, kaka, ila nyama na mfupa upime mbalimbali nione." Mfupa ulichukua karibu theluthi, nami nikagawa bei yote kwa uzito wa nyama peke yake. Bado ilikuwa nafuu kuliko sarara kwa mbali, na ilikaribiana na paja.

Kasoro yake ni ugumu, kwa sababu msuli wa mguu umejaa kano, na kano hizo hulainika tu zikichemshwa taratibu kwa muda mrefu, hadi zinageuka ule utelezi unaoifanya supu iwe nzito. Baadhi ya vitamini za kundi B na madini huhamia kwenye maji ya kuchemshia, hivyo kuimwaga supu ni kumwaga sehemu ya kilichonunuliwa. Mimi huichemsha jioni, naiacha ipoe, kisha naiweka kwenye jokofu. Asubuhi mafuta huwa yameganda juu kama sahani nyeupe nami huyaondoa kwa kijiko kabla ya kuipasha moto. Njia hii inasaidia hata ninapolazimika kununua kidari, ingawa haiondoi mafuta yote yaliyomo ndani ya nyama.

Maini nayashughulikia peke yake. Yana chuma karibu miligramu 5 kwa gramu 100, zaidi ya maradufu ya misuli mingi, pamoja na folati na B12 nyingi mno, lakini lehemu yake hupita miligramu 250 na vitamini A yake ni nyingi kiasi kwamba wajawazito hushauriwa wayaepuke. Kwa hiyo binti yangu hupikiwa maini kidogo mara moja kwa wiki, na siku hiyo mama hula samaki. Siku nyingine nyama ya binti huchanganywa na maharage, kwa kuwa nyama husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage, ambacho peke yake hufyonzwa kwa shida. Kachumbari ya nyanya na limau huongezea msaada huo kwa vitamini C, na chai tumeisogeza mbali na mlo kwa sababu huzuia ufyonzaji. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo ya mezani yana faida kuliko kubishana kuhusu sarara na paja, ingawa hayachukui nafasi ya vidonge alivyoandikiwa na daktari, ambavyo anaendelea navyo.

Kiasi nacho nilikiwekea mpaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, linashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa mtu kwa wiki, na kwa mizani yangu hiyo ni kama gramu 500 hadi 700 mbichi zisizo na mfupa. Kwa sasa nanunua paja kwa mchuzi na muundi kwa supu. Siku za wageni, wanapotaka nyama choma, vijana huchoma mbavu, na kwa mama naandaa paja lililokatwa kukatisha nyuzi na kupakwa papai bichi lililosagwa kwa nusu saa, si zaidi, kwa sababu likizidishwa nyama hulegea hadi kufanana na uji. Huichoma kwenye moto wa wastani na kuitoa kabla haijakauka, maana paja halina mafuta ya kulikinga na makaa.