Japani bila ile pasi niliyoapiwa

Kabla ya safari, kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: nunua Japan Rail Pass, tiketi moja ya kupanda treni utakavyo kwa siku kadhaa, bila hiyo utaumia. Bwana mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, aliyewahi kukaa kule zamani, alifika mahali pa kuniita bahili kwa sababu tu nimeuliza bei. Sawa, bahili nikachukua kalamu.

Ushauri wake ulikuwa mzuri enzi zake. Pasi ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650, na treni za kasi zenyewe, shinkansen, ni ghali, basi ukizunguka kidogo tu hela imerudi. Oktoba 2023 wakaipandisha hadi yeni 50,000. Elfu hamsini! Kwa shilingi zetu ni kama laki nane na ushee, na tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu. Tokyo hadi Kyoto kwa shinkansen ni kama yeni 14,000. Hata ukitoka Tokyo ukaenda Hiroshima ukarudi, nauli inakaribia 40,000 tu. Na huyo mwenye pasi akitaka Nozomi, ile treni ya haraka kuliko zote kwenye njia hiyo, anaongeza karibu 5,000 kwa Tokyo–Kyoto. Amelipa elfu hamsini na bado anadaiwa!

Mchezo niliocheza mimi ulianzia kwenye tiketi ya ndege: kuingia Narita, uwanja wa Tokyo, kutokea Kansai, uwanja wa kule Osaka. Wengi wanakata kwenda na kurudi Tokyo kwa mazoea, halafu wanalipa treni ndefu ya kurudi walikotoka. Sisi tulinunua Tokyo–Kyoto ya kwenda tu. Hiroshima tulitaka kufika, kwa hiyo tukachukua pasi ndogo ya JR West, kampuni ya reli ya magharibi, ya eneo la Kansai na Hiroshima, siku 5 kwa yeni 17,000. Hiyo inakupandisha shinkansen kati ya Shin-Osaka na Hiroshima, Nozomi ikiwemo, pamoja na kivuko cha JR cha kwenda kisiwa cha Miyajima na treni ya Haruka ya uwanja wa ndege. Jumlisha: 31,000. Elfu kumi na tisa kila mtu zikabaki mfukoni, na wifi alizimalizia kwenye viatu, lakini hiyo kesi nyingine.

Treni za mjini hazina haja ya pasi. Ni kadi ya kujaza salio, unagusisha getini kama ya mwendokasi. Mtakaa mkibishana Suica, Pasmo au ICOCA, na hamna cha kubishania: tangu 2013 zinasomana karibu kila mji mkubwa. Nunua ya hapo ulipotua. Ukiambiwa Suica haziuzwi, hiyo ni habari ya zamani pia. Chipu zilipoadimika mauzo yalisimama, yakarudi Machi 2025. Mwenye iPhone anaiweka ndani ya simu na habari imeisha. Android zetu za Kariakoo hazikubali Suica ya simu, usipoteze usiku unahangaika. Mashine za kujazia beba noti, nyingi hazitaki kadi yako ya benki.

Ila kadi ina mpaka. Huwezi kugusisha Tokyo ukatokea Kyoto kwa Suica hiyohiyo ukiwa kwenye treni za kawaida. Kwenye geti la kuunganisha na shinkansen unatumbukiza tiketi ya karatasi kwanza, kisha unagusisha kadi, na tiketi inachomoza upande wa pili ikiwa na kitundu kidogo. Ichukue! Utadaiwa tiketi hiyo kule unakoshukia.

Mimi nilichukua Suica ya kawaida, ambayo ndani yake kuna yeni 500 za dhamana. Wifi akapenda Welcome Suica, ile nyekundu ya watalii: haina dhamana, inaisha baada ya siku 28, na salio likibaki halirudishwi. Kwa hiyo siku ya mwisho kazi ilikuwa kukausha kadi. Yake ilibaki na mia sita na kitu. Tukaingia duka dogo pale uwanjani, tukabeba vitu vya zaidi ya hapo, tukamwendea muuzaji wa kibinadamu, si mashine. Nikamwonyesha kadi, kisha sarafu, nikasema “Suica, cash”, nikafanya ishara ya kukata kwa kiganja. Dada wa watu akacheka, akaelewa. Kadi ikalia, salio likasoma 0, kilichopungua tukalipa kwa sarafu, nazo zikaisha. Wifi alitaka kupiga picha ile risiti!

Yangu nayo niliikausha hivyohivyo. Dhamana inarudishwa kwenye vituo vya JR East tu, kampuni ya upande wa Tokyo, si Osaka, nami nilijua hivyo tangu nainunua. Haikuniuma: haijaandikwa jina, na inakaa miaka 10 tangu ilipotumika mara ya mwisho. Binamu yangu anaondoka nayo mwakani.

Mkifunga mizigo, begi ambalo urefu, upana na kina vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 mliombee nafasi yake pamoja na kiti kwenye shinkansen ya Tokyo–Osaka. Ni bure. Msipoomba ni yeni 1,000, na hapo msiseme hamkuambiwa.