Siku moja na watoto 84 wa P4 (darasa la nne) hapa Busia

Saa 11 alfajiri niko macho natafuta vifuniko vya soda vya kufundishia hesabu. Jana jioni kitinda mimba wangu alicheza navyo, nikavikuta chini ya kitanda, nikahesabu vikafika 190, vinatosha. Vyekundu mfuko wake, rangi nyingine mfuko wake. Chai, maji ya kuoga, huyoo njiani.

Kwa asiyenijua, nafundisha P4 Busia upande wa Uganda, nimekulia kambi ya polisi ndo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani. Klasi yangu ina watoto 84. Kwangu mimi P4 ndo mwaka mgumu kuliko yote ya praimari, sababu tangu mtaala ule wa 2007 P1 hadi P3 mtoto anatakiwa afundishwe kwa lugha ya kwao alafu P4 ndo anavushwa kwenda Kiingereza, sasa mtoto aliyekuwa anaongea kama kasuku mwaka jana ananyamaza kabisa na watu wanaanza kusema huyu kichwa kizito. Kichwa kizito wapi, lugha ndo imemwacha stendi.

Saa 2 kasoro robo naita rejista. Hii rejista zamani ilikuwa na herufi pembeni ya majina, M ya macho, S ya masikio, V ya vitendo. Tulipelekwa semina tukaambiwa kila mtoto ana njia yake moja ya kujifunza, ukishaijua umfundishe kwa hiyo hiyo, nami nikaamini sana, nikakaa wiki mbili nagawa watoto. Kuna binti nilimpa M kwa sababu muda wote anatazama daftari la jirani na kunitazama mdomo. Nikampeleka nyuma kabisa karibu na chati za picha, nikijua namsaidia. Term nzima! Kumbe mtoto alikuwa hasikii vizuri, sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha toka mdogo, nilijua siku nilipomwita mara tatu nikiwa upande ule na hakugeuka. Inaniuma mpaka leo. Mama yake alimpeleka kliniki, na sasa anakaa dawati la kwanza, kushoto ukutani, ili sikio zima linielekee. Hana shida ya kuongea tena, leo kanyoosha mkono mara nne.

Saa 2 na nusu hesabu, kutoa kwa kukopa. Nimeandika ubaoni 5,600 toa 2,700. Vikundi 8, kila kikundi vifuniko 21, vyekundu ni elfu, hivyo vingine ni mia. Kwenye sita huwezi kutoa saba, kwa hiyo chukua chekundu kimoja ukabadilishe kwa vile kumi vya mia, sasa una 16, toa saba. Kelele ilikuwa nyingi ila kelele nzuri, mmoja anashika, mwingine anaeleza, mwingine anachora kwenye daftari, na wengi wakapata 2,900. Alafu nikapita kwa kijana mmoja wa dawati la nne, ameandika 3,100. Nikajua alichofanya, kuliko kukopa amegeuza, saba toa sita moja, tano toa mbili tatu. Hilo kosa ni la watoto wengi sana. Vifuniko wenzake walimnyang'anya, na hata nilipomrudishia alivitazama tu.

Saa 4 na nusu uji. Mwalimu wa P5 kaniuliza mbona siku hizi sigawi tena watoto kwa macho na masikio. Nikamwambia hiyo ya macho, masikio, kusoma na mikono aliyeitangaza sana ni Neil Fleming wa New Zealand, ila mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto anaelewa zaidi ukimfundisha kwa "njia yake" tu. Watoto wanatofautiana, hilo sibishi hata kidogo. Ila namna wanavyotofautiana haiingii kwenye herufi moja, mmoja hasikii, mwingine haoni ubao, mwingine hajala toka jana, mwingine anajua kitu ila hakijui kwa Kiingereza. Kengele ikalia hatujamaliza.

Mchana ulipita haraka, posho (ugali) na maharage, kusoma, kusahihisha.

Saa 11 jioni nikapitia sokoni karibu na boda, nani nimkute kwenye meza ya nyanya? Kijana wangu wa 3,100, mama yake kaenda kuchukua mzigo. Nikataka kuona. Nikachukua nyanya za shilingi 1,500 za Uganda na vitunguu vya 1,200, nikampa noti ya Kenya ya 200.

"Leo wanabadilisha kwa 28 madamu, hii ni 5,600," akasema, hata hakufikiria. Alafu akaanza kunihesabia mkononi: "2,700... hii 300 inafika 3,000... na 2,600 inafika 5,600. Chenji yako 2,900."

Swali lile lile la ubaoni! Yeye hatoi, anapanda juu toka bei mpaka pesa aliyopewa. Nikamuuliza mbona asubuhi hukufanya hivi?

"Kwani shuleni inaruhusiwa?"

Nilishindwa kumjibu haraka. Mama yake akarudi, "Karibu madamu, amekusumbua?" Nikamwambia hapana mama, kanifundisha.

Saa 3 usiku, taa ya sola. Kuna utafiti wa 1985, akina Carraher na Schliemann, walikwenda kwa watoto 5 wanaouza sokoni mji wa Recife huko Brazil. Kwenye biashara walipata karibu maswali 98 kati ya 100, hesabu za aina ile ile zikiandikwa namba tupu zikashuka hadi kama 37. Nilisoma zamani nikaona ni mambo ya mbali. Leo nimeyaona Busia, mita chache toka Kenya.

Nimefuta mpango wa somo la kesho. Tunafungua duka ndani ya klasi, kijana atasimama ubaoni na kuhesabu vile alivyonihesabia mimi, kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza tutakitia baadaye. Binti wa dawati la kwanza atakuwa mteja.