Vidonge vilivyopiga risasi usiku

Hii ilikuwa Aprili 2018, wiki ile Dar ilipofurika, Jangwani maji yamefunika barabara na mwendokasi imesimama. Nilikuwa nimemaliza diploma ya maabara, kazi sina, nikawa naenda Tabata kwa mzee mmoja mstaafu wa kiwanda cha dawa, alikuwa amegeuza stoo ya nyuma ya nyumba yake karakana ya vidonge vya choo. Si utani. Ni vidonge vyenye bakteria hai, unatupia kwenye shimo au septiki wanaanza kula uchafu. Mzee alikuwa na mashine ndogo ya kugonga vidonge, ya mkono, aliinunua mtumba, na aliipenda kuliko gari lake.

Bakteria wenyewe ni Bacillus subtilis, na uzuri wake ni huu: akishikwa na njaa anajifungia ndani ya gamba gumu analala, hiyo ndo spora. Akiwa hivyo unaweza kumkausha, kumbana kwenye mashine, kumweka kabatini miezi, hana habari. Tulikuwa tunawalea kwenye unga wa soya na molasesi siku tatu mpaka chakula kiishe wenyewe walale, tunawakausha na wanga wa mahindi kwenye joto la digrii 40 na kitu, halafu tunachanganya na pumba za ngano zilizosagwa laini na magnesiamu stiareti kidogo ili kidonge kisigande kwenye mashine. Ukibana sana kinakuwa jiwe, kinazama chooni hakiyeyuki. Ukibana kidogo kinavunjika mfukoni mwa mteja. Mzee alikuwa anadondosha kimoja kwenye glasi ya maji halafu anaangalia saa, anasema "bado, ongeza robo mzunguko".

Sasa mimi na kiherehere changu nikasema mzee, tuweke na magadi soda na asidi ya sitriki, kidonge kikigusa maji kichemke povu, wateja wanapenda kuona kitu kinafanya kazi. Akaniangalia, akasema "binti, povu linataka chumba kikavu". Nikambembeleza wiki nzima akakubali, oda ilikuwa ya mama mmoja mwenye gesti Mbagala, makopo 12, septiki yake imejaa na gari la majitaka haliwezi kuingia kwa matope. Soda na asidi nikanunua Kariakoo.

Jumamosi tunagonga vidonge, umeme ukakatika. Ile eisii ndo ilikuwa inakausha hewa ya chumba, na oveni ya kukaushia wanga ndo hivo tena imezimika. Mzee alikuwa ameenda msibani. Mimi joto limenizidi nikafungua madirisha, nje mvua inanyesha, nikaendelea kugonga mpaka makopo yote 12 yakajaa, nikafunga vifuniko vizuri kabisa na selotepu juu. Nilijiona fundi.

Usiku mlinzi, babu mmoja wa Kilwa, akasikia pa! Kidogo tena, pa! pa! Akatoka na tochi akakaa uani anasoma Ayatul Kursi mpaka alfajiri, hakusogelea ile stoo hata kidogo. Jumapili maji yakajaa barabarani, mimi nimefungiwa kwetu, nimefika Jumanne.

"Shikamoo mzee." "Marahaba, njoo uone kazi yako."

Vifuniko vilikuwa vimeruka, kimoja kimenasa juu ya kabati. Bati linavuja palepale juu ya boksi, kwa hiyo makopo yaliyofunguka yakapokea na maji ya mvua juu yake, ndani vidonge vimekuwa uji wa kijivu unaotoa mapovu, harufu kama togwa lililosahaulika. Mzee hakunigombeza, na hicho ndo kilichoniuma. Alinichukulia kalamu akanionyesha: magadi soda ikikutana na asidi inatoa gesi, lakini inatoa na maji pia, na yale maji yanaamsha soda nyingine, hiyo inatoa maji mengine, yaani ikishaanza haihitaji tena mvua yako. Na ile asidi niliyonunua ilikuwa ya aina yenye maji ndani ya punje zake, nilitakiwa nichukue ile isiyo na maji. Sikujua hata kama ziko mbili.

Nikasema basi tumwage. Akasema subiri, tuwaulize wenyewe. Akachukua uji kidogo, nusu akaacha hivyohivyo, nusu akaweka kwenye tyubu ndani ya sufuria ya maji ya digrii 80, dakika 10 akiangalia saa. Aliyelala anavumilia, aliyeamka anakufa. Tukazimua sawasawa, tukapaka kwenye pleti za aga, ile jeli ya kuoteshea bakteria, tukaziweka kwenye inkubeta, kabati la joto, mpaka kesho yake. Pleti ya wasiochemshwa ilijaa makoloni, yaani madoa ya bakteria waliozaliana, hadi yamegusana, yale makavu yenye makunyanzi kama utando wa maziwa. Ya waliochemshwa nilihesabu manne. Nimeyahesabu mara tatu nikitegemea yataongezeka.

"Unaona," mzee akasema, "hawajafa. Wameamka kabla ya kazi. Huwezi kuwarudisha kitandani, wapelekwe leo leo."

Basi tukamimina makopo yote kwenye ndoo ya lita 20, tukaongeza maji ya uvuguvugu, tukaacha kifuniko kimelegea maana tumeshajifunza, tukakodi bajaji. Mandela mpaka Uhasibu tukakunja Kilwa Road, ndoo iko miguuni kwangu inapumua, dereva anageuka kila taa anauliza, "Dada, hicho ni chakula?"

Mama mwenye gesti alitoka na kanga kiunoni akaangalia ndoo, akaangalia sisi. "Mimi nimelipia makopo 12, nimeletewa uji?" Mzee akamweleza kwa upole sana, akamwambia pia aache kumwaga jiki chooni maana inaua hawa wanaolipiwa, na kwamba mchanga, pedi na mifuko hakuna bakteria atakayeila, hiyo itasubiri gari. Hilo la mwisho wauzaji wengi hawalisemi, na mimi kabla ya hapo nilikuwa silisemi. Tukamwaga ndoo yote kwenye septiki.

Alitulipa nusu. Nusu nyingine akasema ataleta akiona vidonge. Tuligonga upya wiki mbili baadaye, bila povu, wanga umekaushwa, madirisha yamefungwa, kila kopo na kipakiti cha silika kama vile vya kwenye boksi za viatu. Yule babu mlinzi akaomba makopo yasilale stoo usiku wa kwanza, yakalala sebuleni kwa mzee.